Baba mkubwa asema nikiitaja Gaza mezani, haji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi wa maabara katika zahanati moja hapa Eastleigh, Nairobi. Kwetu ni Mbale, mashariki mwa Uganda, na sisi ni Wayahudi. Kila ninapolisema hili huulizwa kama nimeolewa na Mzungu. Sijaolewa na yeyote. Sisi ni Abayudaya, jamii iliyoanza mwaka 1919 pale Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kisha wakakosana, aliposoma Agano la Kale, akatahiriwa pamoja na wanawe na kuwaambia watu wake kuwa kuanzia hapo wanaishika Taurati. Babu wa baba yangu alikuwa mmoja wa waliomfuata.

Tarehe 7 Oktoba 2023 ilikuwa Sabato na sikukuu juu yake, kwa hiyo simu yangu ilikuwa imezimwa. Usiku nilipoiwasha nikakuta dunia nyingine. Hamas wameivamia Israel, watu karibu 1,200 wameuawa, 251 wamechukuliwa mateka, vikongwe na watoto wakiwemo. Nililia kama niliyefiwa nyumbani. Tangu wiki hiyo, kila Ijumaa kabla jua halijatua nilikuwa nawasha mshumaa mmoja zaidi kwa ajili ya mateka, naupiga picha, naweka kwenye status ya WhatsApp.

Kisha ikaja miezi ya vita vya Gaza. Shangazi, kazi yangu ni kuwatoboa watoto vidole na kuchukua damu. Najua mtoto anavyolia kwa sindano ndogo tu. Nilipoanza kusoma habari za watoto wa Gaza wanaokatwa viungo bila ganzi, sikuweza kulala. Lakini picha ya mshumaa niliendelea kuweka ileile, na juu ya watoto wale sikuandika neno.

Mwenzangu Zuhura, muuguzi tunayefanya naye kazi na kula naye mchana, mtu aliyeniuguza nilipopata taifodi, siku moja aliniambia, "Wako nawaona kila Ijumaa. Wetu wewe huwaoni?" Nikakosa jibu. Tangu hapo tunasalimiana tu kama watu waliokutana kwenye matatu. Wengine pale chumba cha chai hawana hata adabu hiyo. Wananiambia, "Wewe Myahudi, waambie wenzako waache kuua watoto."

Sasa Pasaka yetu inakaribia na nitakwenda Mbale. Baba ana mtoto wa jicho, ameniomba niongoze badala yake masomo ya usiku wa Seder, yaani chakula cha Pasaka tunaposimulia kutoka Misri. Nilimwambia kwamba tukifika kwenye yale mapigo kumi ya Misri ningependa kuwataja watoto wa Gaza, sentensi moja tu. Baba alinyamaza, akasema kamuulize baba yako mkubwa. Baba mkubwa akaniambia kwenye simu, "Dunia nzima inawalilia wao. Sisi nani anatulilia? Ukiitaja Gaza kwenye meza hiyo, mimi siji." Huyu alikuwa kijana Idi Amin alipopiga marufuku dini yetu. Walisali kwa kujificha miaka yote ile, wengi wakaingia Uislamu au Ukristo, wakabaki mia chache. Siwezi kumwambia hajui anachosema.

Na kuna jambo linaniuma zaidi. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israel walikuja kwetu, wakatuhoji, wakatuzamisha majini kwa sheria, tukawa Wayahudi wa rasmi. Lakini mtu wetu akiomba kuhamia Israel kama Myahudi, bado mlango ni mgumu. Wapo wanaotuona ni waigizaji. Labda ndiyo sababu naogopa kuonekana nalegea. Myahudi wa New York akiwalilia Wapalestina ataitwa msaliti, lakini hakuna atakayesema si Myahudi. Mimi je?

Niambie, niliseme lile neno au niliache? Na Zuhura nimfanyeje? Nimewaza kumwalika aje nami Mbale, akae mezani kwetu aone tulivyo.

Binti wa Mbale, Nairobi

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze kwa kukwambia anayekujibu ni nani, maana katika jambo hili watu hupenda kujua. Mimi ni Mwislamu wa Mombasa. Gaza imeniunguza. Kufikia Oktoba 2025, siku silaha zilipotangazwa kunyamaza, Wizara ya Afya ya huko ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 67,000 waliokufa, maelfu kwa maelfu wakiwa watoto, na hata baada ya hapo vifo havikukoma. Yaliyofanywa tarehe 7 Oktoba nayo nayaita mauaji, na sitafuti neno la kuyapunguza. Wamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kule kujifunza kilimo. Mwili wa mmoja wao ulirudishwa Novemba 2025, zaidi ya miaka miwili wazazi wakisubiri hata cha kuzika. Basi usiniandikie tena ukidhani uko upande mmoja wa ukuta nami niko wa pili.

Ya Taurati na Talmud, kitabu cha mijadala ya wahenga wa Kiyahudi, sikuyabuni, nimeketi na mzee mmoja wa sinagogi la Nairobi akanisomea. Nilikwenda nikitafuta jibu la ndiyo au hapana. Alichonipa ni kisa ambacho bila shaka unakijua, ila sidhani umewahi kukitazama kwa jicho la barua yako.

Wamisri wanazama Bahari ya Shamu. Malaika wanataka kuimba. Mungu anawakemea: kazi ya mikono yangu inazama baharini, nanyi mnaimba? Watu wengi hukiishia hapo, wakatoka na somo kwamba adui naye aliliwe. Ni kweli, lakini tazama aliyekemewa ni nani. Wana wa Israeli waliimba siku hiyohiyo, wimbo mzima umo katika Kutoka sura ya 15, na Miriamu akatwaa tari na wanawake wakamfuata kwa ngoma. Hakuna aliyewakemea. Nguo zao zilikuwa bado zina maji ya bahari. Waliokatazwa ni malaika, waliokuwa juu, wasiofukuzwa na gari lolote la Farao.

Mimi hapo nimeona kitu ambacho kelele za miaka hii zimekifunika. Mtu aliyempoteza mwanawe Nir Oz kule Israel, au mama aliyefukua wanawe Khan Younis kule Gaza kwa mikono, siendi kumdai awe na machozi ya ziada kwa ajili ya upande wa pili. Akiwa nayo, ni ukubwa wake. Wapo walio nayo, tena si wachache. Vivian Silver, mmoja wa waanzilishi wa vuguvugu la wanawake wanaodai amani, Women Wage Peace, alikuwa akiwabeba wagonjwa wa Gaza kwa gari lake kuwapeleka hospitali za Israel. Aliuawa nyumbani kwake Be'eri siku ileile, na mwanawe badala ya kuilaani kazi ya mama yake akaiendeleza. Kuna chama cha Parents Circle, kilichoanza mwaka 1995, cha familia za Waisraeli na Wapalestina zilizofiwa kwa mgogoro huu, kinachokutanisha mamia ya familia. Wazazi wa Hersh Goldberg-Polin, mateka aliyekuja kuuawa chini ya ardhi ya Rafah mwaka 2024, walisimama mbele ya Marekani nzima mwana wao akiwa bado mikononi mwa watekaji, na baba akasema kuwa katika kushindania maumivu hakuna mshindi. Hao wanapumua chini ya maji, sijui kwa pafu gani.

Lakini wewe uko Eastleigh. Mimi niko Mombasa. Wale wa chumba cha chai wako kwenye chumba cha chai. Sisi ndio malaika wa kisa kile, na agizo la kutoimba ni letu. Kwa hiyo ukiniuliza kama wewe kuwalilia watoto wa Gaza ni usaliti, naona kinyume: kutoka mbali, huko ndiko kuishika Taurati ya babu zako. Sitaki kusikia habari ya kulegea.

Na kama bado una wasiwasi kwamba hii ni dini laini ya watu wa kisasa, kuna mama yake Sisera. Katika Waamuzi sura ya 5, jemadari Sisera, aliyekuwa na magari 900 ya chuma na kuwatesa Waisraeli miaka 20, ameshauawa hemani. Mama yake hajui. Anachungulia dirishani, anashangaa gari limechelewa. Mabibi walio naye wanampoza, naye anajijibu kwamba bila shaka wanagawana nyara, msichana mmoja au wawili kwa kila mwanamume. Unaona mama mwenyewe alivyo. Anajituliza kwa kuwawazia mabinti wa watu wakitekwa! Hakuna binti yako au wangu ambaye angepona mikononi mwa mwanawe. Hata hivyo wahenga wenu, walipokuwa wakijadili katika Talmud sauti ya baragumu la Mwaka Mpya iweje, kipimo walichokwenda kukichukua ni kilio cha mama huyo. Ikaja na desturi ya kulipuliza mara 100, na wapo waliosema ni kwa hesabu ya vilio vyake. Kila mwaka, siku ya hukumu, Wayahudi wanasimama na kumpulizia Mungu masikioni kilio cha mama wa adui. Hawakumsamehe Sisera. Hawakumwita mama yake mwema. Yaeli aliyemuua anabaki amebarikiwa katika wimbo uleule. Kilio tu ndicho walichokichukua.

Mzee alipofika hapo nilimwomba anisomee mara ya pili, na sikuona haya.

Sasa baba yako mkubwa. Usimfanye mjinga wa hadithi hii. Miaka minane ya Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, yeye alikuwa ndani ya maji. Aliona watu wa ukoo wakiacha majina yao mmoja baada ya mwingine. Anapouliza "sisi nani anatulilia" anauliza swali la haki, nawe umjibu kabla hujamwomba lolote. Mpigie simu tena, kabla ya safari, usimvizie mezani mbele ya wajukuu. Mwambie mateka watatajwa kwanza, na waliouawa, na Wayahudi waliopigwa na kuuawa katika nchi nyingine kwa sababu tu ni Wayahudi, maana hayo nayo yametokea katika miaka hii na watu wa mataifa yetu wamepita kana kwamba hawakuyasikia. Mwambie na miaka yake mwenyewe ya kujificha itatajwa. Halafu mwambie kuwa utasema sentensi moja juu ya watoto wa Gaza, na kwamba hauombi ruhusa, unampa taarifa kwa heshima.

Pa kuiweka sentensi hiyo umeshapajua. Mkifika kwenye mapigo kumi, kila mtu anadondosha tone la divai kwa kila pigo, na maelezo yanayopendwa zaidi ya desturi hiyo ni kwamba kikombe cha furaha hakijazwi wengine walipokufa. Watoto wa Misri walio katika pigo la kumi hawakumtumikisha mtu. Meza yenu imeshawaomboleza muda mrefu kabla hujazaliwa. Wewe hauongezi kitu kigeni, unasema tu tarehe ya leo. Na useme mwenyewe, kwa Luganda ya nyumbani, usisome kwenye karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya matamko ya wanaharakati. Neno "pande zote" liache Nairobi. Ni neno la watu wasiotaka kumtaja yeyote.

Akikataa kuja? Basi asije. Mpelekee mkate wenu usiotiwa chachu asubuhi yake, ukae naye, usirudie mjadala. Sikusudii kukwambia uliache neno lako ili mtu mzima asikasirike. Ukiliacha mwaka huu, mwakani watakaokuwa mezani watajua namna ya kukunyamazisha ni kutishia kiti kitupu.

Umenigusa uliposema kwamba ninyi Uyahudi wenu unatiliwa shaka, ndiyo maana unaogopa kulegea. Nadhani hapa ndipo barua yako ilipotaka kufika tangu mwanzo. Mtu ambaye uraia wake unaulizwa kila siku hujikuta anapeperusha bendera kubwa kuliko jirani. Lakini hebu angalia Wayahudi wasioshukiwa na mtu wanavyofanya. Maelfu kwa maelfu walijaa barabara za Tel Aviv wakiipinga serikali yao na kudai vita viishe, ndugu wa mateka wakiwa mstari wa mbele. Marabi wamegombana hadharani. Ibrahimu mwenyewe aliwatetea watu wa Sodoma mbele ya Mungu: "Je! Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Akashusha kutoka hamsini hadi kumi kama mtu sokoni. Watu wako ni watu wa kubishana. Ukinyamaza kwa kuogopa kuonekana si wao, ndipo hasa unapokuwa umewaiga vibaya. Na yule karani wa uhamiaji atakayekukataa, atakukataa hata ukiwasha mishumaa mia.

Tuje kwa Zuhura. Mshumaa usiuombee radhi. Mateka walikuwa watu, ulikuwa na haki ya kuwalilia, na rafiki anayetaka uwaache ili akupende anadai bei isiyolipika. Lakini nimemsikiliza kwenye barua yako na sidhani alidai hivyo. Aliuliza kama wake unawaona. Wewe ulikuwa unawaona, hulali kwa ajili yao, na yeye hakujua, kwa sababu huzuni yako yote uliipeleka kwenye status, mahali ambapo watu mia mbili wanapita na kidole. Sipendi status kwa mambo ya msiba, sijui nani alituroga. Mtafute mtu mwenyewe. Mwambie maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, ya vidole vya watoto na ganzi. Usitangulize maelezo, usimfundishe historia ya mwaka 1948 Israel ilipoundwa, usitaje Hamas katika dakika kumi za kwanza. Akitaka kukwambia la kwake, sikiliza mpaka aishiwe. Naye akifika mahali pa kusema waliouawa Oktoba ile walistahili, hapo umkatalie, kwa sauti ya kawaida, na ubaki umekaa. Aya ya 32 ya Suratul Maida anaijua kama ninavyoijua: aliyeua nafsi moja pasipo haki ni kama ameua watu wote. Mwanzoni mwa aya hiyohiyo wametajwa walioandikiwa sheria hiyo, nao ni Wana wa Israili. Mnaweza kuisoma pamoja bila mmoja wenu kuhama dini.

Wale wa chumba cha chai ni habari nyingine. Hawakuulizi, wanakushtaki, na kosa lenyewe limefanywa na serikali usiyoipigia kura, katika nchi usiyoruhusiwa kuhamia kirahisi. Sisi Waislamu wa Kenya tunalijua sana shtaka hilo. Baada ya Westgate mwaka 2013, baada ya Garissa mwaka 2015, kila mwenye kanzu alidaiwa alaani kwanza ndipo auziwe sukari. Aprili 2014 polisi walizoa watu mtaani hapo Eastleigh kwa maelfu na kuwarundika uwanja wa Kasarani, wengi kosa lao likiwa Usomali. Huenda nusu ya wanaokunywa chai nawe wanao ndugu waliolala pale. Waulize. Muulize na Zuhura Aprili ile alikuwa wapi. Sikuahidi watanyamaza, ila watakuwa wamekumbushwa.

Kwetu huku Novemba 2002 bomu lililipua hoteli ya Waisraeli Kikambala. Walikufa Wakenya 10, wengi wao wacheza ngoma waliokuja kuwapokea wageni, na Waisraeli watatu. Barazani tuliwataja wacheza ngoma kwa majina ya vijiji vyao, na ilikuwa haki yao. Kwamba wawili kati ya Waisraeli wale walikuwa watoto, sikumsikia mtu akilisema. Bomu hilo lililipuliwa kwa jina la kuwatetea watu wangu.

Mwisho, hilo la kumwalika Zuhura Mbale. Usifanye hivyo, mwaka huu usifanye. Najua kwenu hilo si geni. Ninyi ndio mliounda na majirani Waislamu na Wakristo chama cha kahawa cha Mirembe Kawomera mwaka 2004, na wazo lilitoka kwa mtu wa jamii yenu aliyekuwa New York siku minara pacha ilipoanguka, Septemba 2001. Lakini wale walikuwa wanauza kahawa pamoja, kila mmoja na gunia lake na hesabu yake. Zuhura ungempeleka awe nini? Shahidi wa wema wako mbele ya baba mkubwa? Kidole cha kumnyooshea yeye? Mzee akisema neno kali, ni Zuhura atakayelimeza, ugenini, kwenye chakula asichokijua. Zungumza naye kwanza hapo Eastleigh, mrudie kula pamoja mchana, mgombane tena na tena ikibidi. Mwalike mwaka atakapokuuliza mwenyewe hiyo Seder huwa mnakula nini.

Shangazi